Dola za Mwalimu

Kisii, Jumanne 23 Januari 2024

Mwalimu amefika saiba kabla sijawasha mashine ya fotokopi. Alinifundisha darasa la sita kule Nyamira, na hadi leo siwezi kumkalisha kwenye kiti cha wateja, nimempisha changu. Desemba yeye na Mama watatimiza miaka arobaini ya ndoa. Binti yao, muuguzi huko Minnesota, anataka wakutane Dubai wapande meli ya utalii kwa wiki moja: Abu Dhabi, Doha, kisha kurudi Dubai. Alitaka kulipa kila kitu. Mwalimu amekataa katakata. Nauli ya wazazi itatoka kwenye bonasi ya chai na akiba ya sako, basi.

Ni dola 1,400 kwa wote wawili. Shilingi yetu iko hoi mwezi huu. Wakala wa Nairobi anahesabu dola moja kwa shilingi 162. Mwalimu amelipa 226,800, na juu yake 5,000 za kazi ya wakala, ambazo hazirudi hata iweje.

Kilichomfurahisha ni mstari mmoja chini ya ankara: krediti ya melini, dola 100 kwa kila kabini. Alichukua kalamu, akatoa, akaandika 1,300 pembeni na kuizungushia duara. Nikamwomba aifute. Hakuifuta.

Jumamosi 27 Januari

Mwana wa kaka yangu ni mhudumu wa kabini kwenye meli kama hizo. Nilimuuliza, akanitumia sauti ndefu ya WhatsApp, injini ikinguruma nyuma yake. Naandika hapa kabla sijasahau.

Melini pesa taslimu haitembei. Ukipanda unapewa kadi yenye jina lako, na kila unachochukua, soda, intaneti, kukandwa mgongo, safari ya kushuka nchi kavu, kinaandikwa kwenye akaunti yako. Siku ya mwisho jumla inakatwa kwenye kadi yako ya benki. Krediti ni kiasi ambacho mtu mwingine amekitanguliza kwenye akaunti hiyo: kampuni yenyewe, wakala, au ndugu aliyekununulia zawadi. Matumizi yako huanza kuila hiyo kwanza.

Ikibaki je? Hapo ndipo kila kitu kilipo. Kuna krediti inayorudishwa, na kuna isiyorudishwa. Inayorudishwa huenda kwenye kadi yako baada ya safari, au unalipwa dirishani kabla ya kushuka. Isiyorudishwa inakufa safari ikiisha. Za promosheni, kama ya Mwalimu, mara nyingi ni za aina ya pili, na meli nyingi hazikubali uzipeleke kwenye kamari ili zigeuke noti. "Shangazi," anasema kijana, "usiku wa mwisho duka linafurika. Watu wananunua manukato wasiyoyataka ili dola 30 zisipotee."

Nimepata namna ya kumweleza Mwalimu. Ni kama mbolea ya ruzuku. Ukitumiwa ujumbe kwenye simu, unaenda ghala la nafaka unachukua gunia kwa 2,500. Huwezi kumwambia karani akupe ile tofauti ya bei mkononi kwa sababu mwaka huu hupandi.

Jumatatu 29 Januari

Mwalimu ameuelewa mfano wa mbolea upesi kuliko nilivyotarajia, kisha akaugeuza: "Lakini gunia lile nalihitaji." Sawa. Basi tutafute kitu cha melini ambacho atakilipia apende asipende.

Tumekipata kwenye masharti. Bakshishi ya wahudumu inakatwa yenyewe kila siku, dola 12 kwa mtu. Kwa meli zinazobeba Wamarekani ni 16 hadi 20. Watu wawili, siku saba, dola 168. Masharti yao yanaruhusu krediti ilipe deni hilo. Kwa hiyo dola 100 zitaishia hapo, na bado watadaiwa 68. Amefuta ile 1,300 mwenyewe. Hesabu sahihi ni 1,468, bila viza, bila ndege, bila chupa moja ya maji.

Jumapili 18 Februari, Tabaka

Nimekuja kumchukulia mteja sanamu za mawe. Mchongaji mmoja hapa aliwahi kuuza miaka mingi Mombasa, akingoja wageni wa meli. Nilipomtajia krediti ya melini alicheka kwa uchungu kidogo. Anasema walikuwa wanashuka, wanamshika kiboko wa jiwe, wanamsifia, wanamrudisha mezani. Pesa zao ziko juu, kwenye akaunti. Safari ya Fort Jesus wameinunua melini, chakula kiko melini, na ile zawadi ya kampuni haivuki ngazi ya meli.

Sijawahi kuiona krediti kwa upande huo. Nilidhani ni tabasamu la muuzaji kwa mnunuzi, kumbe pia ni ukuta mbele ya muuzaji mwingine. Dola 50 za bure zinaweza kumfanya mgeni atumie 120 ndani ya meli, na mchongaji wa Tabaka anabaki na kiboko wake.

Jumatano 13 Machi

Binti amepiga simu kutoka Minnesota. Anataka kuwaongezea wazazi dola 150 za krediti kama zawadi. Nimemshauri awape mkononi Dubai. Zawadi ya krediti masharti yake hutofautiana, kampuni hii inarudisha, ile hairudishi, na noti mfukoni haina masharti.

Ila Mwalimu hana kadi ya mkopo, ana ya benki ya kawaida. Meli ikiunganishwa na kadi ya namna hiyo hushikilia kiasi fulani cha akaunti kila matumizi yanapopanda, na kilichoshikiliwa kinaweza kuchelewa kuachiliwa siku kadhaa baada ya safari. Mzee akitaka kutuma karo ya mjukuu wiki hiyo, atakuta salio lipo lakini halishikiki. Kwa hiyo tumeamua watumie noti. Ataweka amana dirishani siku ya kupanda, na kitakachobaki atakidai kabla ya kushuka. Amana ni pesa yake, haifi.

Binti pia ana rafiki mwenye hisa za Carnival Corporation. Kumbe ukiwa na hisa 100 huko, ukisafiri unapewa krediti: dola 50 kwa safari fupi, 100 kuanzia siku saba, 250 kuanzia siku kumi na nne. Hisa za kampuni ya simu nilizojinunulia 2008 zinanipa gawio, nashukuru, lakini wazo la dakika za kuongea juu yake silichukii.

Jumatano 26 Juni

Nimefungua saa sita tu. Mji una moshi wa maandamano ya jana na vijana hawajarudi nyumbani. Hakuna aliyekuja kuuliza habari za meli.

Alhamisi 18 Julai

Barua pepe imefika. Safari imefutwa.

Sababu inaeleweka. Meli hizi hukaa Mediterania wakati wa kiangazi cha Ulaya, kisha hushuka Suez na Bahari ya Shamu kwenda Ghuba msimu wa baridi. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen wanashambulia meli pale Bab el Mandeb. Njia nyingine ni kuizunguka Afrika yote kwa Rasi ya Tumaini Jema, wiki nzima nzima za mafuta na mishahara. Kampuni kadhaa za Ulaya zimeona heri meli zao zibaki kwao msimu huu.

Barua inatoa mambo mawili. La kwanza limeandikwa kwa herufi nene na rangi ya bahari: hati ya safari ijayo yenye thamani ya nauli yote, pamoja na krediti ya melini dola 200. La pili liko chini, mstari mmoja mwembamba: kurudishiwa pesa.

Nimeisoma hati hiyo mpaka mwisho. Lazima itumike kabla ya mwisho wa 2025. Haihamishiki kwa mtu mwingine. Haibadilishwi kuwa pesa. Ukichagua safari ya dola 1,100, zile 300 zinabaki kwao. Na zile 200 ni zilezile za kufia gatini.

Binti anakumbuka ya 2020, wakati wa korona. Meli zilisimama katikati ya Machi, na kampuni kubwa zikawaambia wateja wachague: pesa zao kamili, au hati ya asilimia 125. Yeye alichukua hati, akasafiri baadaye, na hajuti. Ni kweli. Lakini alikuwa na miaka thelathini na mbili na kazi ya kudumu. Mwalimu ana miaka sabini na goti moja bovu. Asilimia 25 ya kitu usichoweza kukitumia ni sifuri.

Jumamosi 10 Agosti, Nyamira

Nimeenda nyumbani kwao. Mama amepika matoke na chinsaga, kisha akakaa kimya akitusikiliza.

Mwalimu ana hasira. Wakala amesema atarudisha "pesa yote": dola 1,400 kwa 127, yaani shilingi 177,800. Alitoa 226,800. Shilingi 49,000 zimekwenda wapi? Anataka kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai hadi milioni moja. Ametaja Kifungu cha 46 cha Katiba, haki za mtumiaji, na sheria ya 2012. Binti kwenye simu akaongeza kanuni ya Marekani ya 2022: safari ikifutwa, au ikichelewa siku tatu na abiria akaamua kutopanda, anarudishiwa pesa. Nzuri, lakini inahusu meli zinazopakia abiria kwenye bandari za Marekani. Dubai haimo.

Nilimwambia Mwalimu jambo ambalo hakulipenda. Kampuni haijamwibia. Ilipokea dola 1,400 na inarudisha dola 1,400. Shilingi ndiyo iliyopanda, kutoka 160 hivi Januari hadi 129. Ingeshuka hadi 190, angepata faida, na sidhani angeirudisha kwa wakala. Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama darasa la sita.

Swali la kumuuliza wakala ni lingine kabisa: nani amemruhusu kuzigeuza? Ankara ni ya dola. Risiti ni ya dola. Kampuni inamrudishia yeye dola, kwa sababu ndiye aliyeilipa. Akizigeuza kwa 127 wakati soko ni 129, shilingi mbili kwa kila dola ni zake, na hasara ya Mwalimu inafungwa hapohapo. Zikifika zikiwa dola, hasara inatokea siku Mwalimu atakapozibadilisha tu, kama atazibadilisha.

Hapo Mama akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Ndege ya kwenda kumwona mtoto inalipwa kwa nini?"

Kwa dola.

"Basi hatuchukui hati, na hatuchukui shilingi."

Jumanne 20 Agosti

Mwalimu amefungua akaunti ya dola hapa mjini. Kitambulisho, namba ya KRA, picha, saini. Nimemwandikia wakala barua fupi na kuambatisha ankara: mteja anachagua pesa, kwa sarafu ya ankara, kwa akaunti hii. Sikutaja mahakama. Nimetaja tarehe ya kupokea barua na kuomba jibu kwa maandishi.

Wakala amepiga simu akisema "mfumo" haulipi dola. Nimemwomba aandike hivyo na kutia saini. Hajaandika.

Ijumaa 13 Septemba

Jibu: dola zitatumwa, gharama ya benki ni ya mteja. Sawa. Hilo lilikuwa kwenye masharti tangu Januari, ukurasa wa nne.

Jumamosi 12 Oktoba

Zimeingia. Dola 1,375, baada ya benki kula 25.

Mama na Mwalimu wamekuja pamoja, yeye na mkoba wake wa ibada, Mwalimu na faili. Watakutana Dubai hata bila meli, na binti atalipa hoteli. Mara hii Mwalimu amekubali, kwa sababu Mama ndiye aliyekubali. Bonasi ya chai ya mwaka huu haitaguswa. Huku magharibi ya Bonde la Ufa ni ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya kama kawaida, na goti linahitaji daktari.

Tiketi za Nairobi hadi Dubai na kurudi, watu wawili, dola 1,060, zimekatwa leo moja kwa moja kutoka akaunti ya dola. Akaunti imebaki na 315. Shilingi 5,000 za wakala hazikurudi, na ile krediti ya dola 100 haionekani popote kwenye hesabu za mwisho.