Mizani ya Jenerali: Wosia kwa Vijana wa Mweiga

Wajukuu wangu wapendwa,

Mungu amenijalia umri ambao wenzangu wengi hawakuupata, nami namshukuru. Habari za shamba mnazijua, na mipaka yake wazee wameishuhudia. Barua hii si ya mali. Ni ya neno moja ambalo nataka mbaki nalo nikishaondoka: namna ya kumpima mtu mwenye madaraka. Nitalieleza kupitia maisha ya Mwingereza mmoja, Jenerali Sir George Erskine, kwa sababu aliongoza vita dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau katika misitu hii miwili tunayoiona kutoka Mweiga, Nyandarua upande mmoja na Mlima Kenya upande wa pili, na kwa sababu mpaka leo watu wanabishana kama alikuwa mwungwana au mtesi.

Alizaliwa mwaka wa 1899 na akapigana Vita Vikuu vya Kwanza angali kijana. Mwanzoni mwa 1943 alikabidhiwa Divisheni ya 7 ya vifaru, ile iliyoitwa Panya wa Jangwani, akaiongoza Afrika Kaskazini, Italia na hatimaye Normandy huko Ufaransa. Agosti 1944 wakubwa wake walimwondoa, wakisema divisheni imepoteza makali, hasa baada ya kushindwa kule Villers-Bocage mwezi Juni. Waliomtetea walijibu kwamba askari wale walikuwa wamechoshwa na miaka ya mapigano. Baadaye akawa mkuu wa majeshi ya Uingereza nchini Misri. Tarehe 25 Januari 1952, mjini Ismailia, majeshi yake yaliwashambulia polisi wa Misri waliokataa kusalimisha silaha, na wapatao 50 wakauawa. Wamisri huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kama Siku ya Polisi. Mtu huyo ndiye aliyeletwa kwetu Juni 1953, miezi minane baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari.

Sasa sikilizeni lile linalowafanya wengine wamsifu. Alipofika alikuta askari, polisi na masetla wakipiga na kuua watu ovyo. Tarehe 23 Juni, kabla hata ya kumaliza mwezi mmoja nchini, alitoa amri kwa majeshi na polisi wote kwamba hatavumilia raia kupigwa na kutendewa ukatili. Kapteni Gerald Griffiths wa King's African Rifles (KAR) alishtakiwa kwa mauaji, akaachiliwa Novemba 1953. Alirudishwa mahakamani kwa kosa la kuwatesa mateka, na Machi 1954 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Masetla wenyewe Erskine hakuwapenda hata kidogo, na barua alizomwandikia mkewe zimejaa maneno makali juu yao. Wanaomtetea hushika mambo hayo na kusema: huyu alikuwa askari mwenye nidhamu, aliyelizuia jeshi lake lisigeuke genge.

Siyakatai mambo hayo, kwa kuwa yametokea kweli. Lakini amri ni mwanzo tu wa kazi ya kiongozi. Mwezi huohuo wa Juni 1953, huko Chuka, askari wa KAR waliwaua watu wapatao 20 ambao hawakuwa wapiganaji. Familia zilipewa fidia, lakini hakuna askari hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Mwisho wa mwaka jenerali aliagiza uchunguzi juu ya mwenendo wa jeshi, nao ukafanywa haraka na kuhitimisha kwamba kwa jumla jeshi lilikuwa safi.

Jambo lingine nawaomba mlikumbuke daima. Waziri Mkuu Churchill alimpa Erskine barua ya kumruhusu, akiona haja, kutangaza sheria za kijeshi na kuitwaa serikali yote ya Kenya. Jenerali aliitunza ndani ya kasha la miwani yake. Ilijulikana kwamba akiwa katika mabishano na wakubwa wa koloni alilifungua kasha hilo na kulifunga, nao wakaelewa. Mtu aliyebeba uwezo kama huo hawezi kutuambia kwamba kambi za kuzuilia watu zilikuwa kazi ya wengine, wala kwamba polisi na homugadi, wale walinzi Waafrika wa serikali ya koloni, hawakuwa watoto wake. Barua ile hakuitumia kamwe.

Uwezo alioutumia ulikuwa wa namna nyingine. Alfajiri ya 24 Aprili 1954 alianzisha Operesheni Anvil. Askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi, wakaipekua mtaa kwa mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na Waafrika wengine na kupitishwa mbele ya gakunia, yule mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, aliyetikisa kichwa na hatima yako ikaamuliwa. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa Langata, Manyani na Mackinnon Road bila kufikishwa mahakamani. Kwa kipimo cha kijeshi ilikuwa kazi ya ustadi, kwani ilikata njia ya chakula, risasi na habari kutoka mjini kwenda msituni. Kwa kipimo cha haki, watu waliadhibiwa kwa kabila lao.

Kisha vikaja vijiji. Juni 1954 Baraza la Vita, ambalo Erskine alikuwa mmoja wa wakuu wake, liliamua kwamba watu wa Mkoa wa Kati wahamishwe kwa nguvu. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamesongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye kafyu, mitaro na minara ya walinzi. Nyumba zao za awali zilichomwa. Wanawake walitolewa kwa nguvu kwenda kuchimba mtaro wa maili 50 kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, chini yake kukiwa na miti iliyochongwa ikachongoka. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hizo, na njaa ya kijijini niliionja mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Uwanja wa ndege wa hapahapa Mweiga ulitumiwa na ndege ndogo za Harvard zilizokwenda kudondosha mabomu msituni. Erskine aliondoka Mei 1955, akamwachia kazi Jenerali Gerald Lathbury, akaja kuwa Luteni Gavana wa kisiwa cha Jersey, na akafariki mwaka wa 1965.

Hukumu yangu ni hii. Erskine hakuwa mnyama, na atakayewaambia hivyo anawapunguzia kazi ya kufikiri. Alijua mema, aliyaandika, akayatia sahihi. Lakini palipokuwa na mgongano kati ya kulinda watu na kushinda vita, alichagua kushinda, na waliolipa ni kina mama, watoto na watu ambao hawakupata kusikilizwa na hakimu. Kiongozi hapimwi kwa lile alilolikataza. Hupimwa kwa lile lililoendelea baada ya yeye kupata habari.

Na sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kipimo hichohicho kiwekeni kwa watu wetu. Usiku wa 26 Machi 1953 kule Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua wanawake na watoto wa jamaa waliohesabiwa kuwa vibaraka, kisha wanajeshi na homugadi wakaua wengi zaidi kwa kisasi. Msimwimbe shujaa kwa kuwaruka waliokufa Lari. Jifunzeni kwa Waruhiu Itote, Jenerali China. Alipigana Burma akiwa askari wa Mfalme katika vita vilevile vilivyompa Erskine nishani. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa hapa Nyeri, akasamehewa kitanzi, akakubali kuwaandikia wenzake barua za kutafuta amani. Wapo waliomwita msaliti kwa hilo, wapo waliomwita mwenye busara. Baada ya uhuru alitumikia vijana wa taifa katika National Youth Service (NYS). Naye mpimeni kwa matendo, si kwa jina.

Mambo matatu nawausia.

La kwanza, andikeni. Serikali ya Uingereza ilificha mafaili yake ya enzi ile kwa miaka mingi, hata yakafichuliwa mwaka wa 2011 kwa sababu ya kesi iliyofunguliwa na wazee wetu. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ushahidi wa wazee ndio uliofungua makabati hayo. Basi kaeni na wazee waliobaki Mweiga, Tetu, Othaya na Mathira, mrekodi sauti zao, majina ya vijiji na mahali walipozikwa watu.

La pili, acheni kurithi chuki. Kuna nyumba hapa Nyeri ambazo hazioani mpaka leo kwa sababu babu wa huku alikuwa msituni na babu wa kule alikuwa homugadi. Semeni ukweli wote wa pande zote mbili, kisha mwoane, mzikane na mlime pamoja.

La tatu ni kwenu mtakaopewa kofia: chifu, askari, mwalimu mkuu, mwakilishi wa wadi. Usitosheke kwamba umekataza uovu kwenye mkutano au kwenye waraka. Nenda seli ukahesabu watu. Uliza aliyepigwa ni nani na aliyempiga yuko wapi. Uliyemweka chini yako akidhulumu mtu nawe ukanyamaza, dhuluma hiyo ni yako.

Mungu awape maisha marefu na moyo wa haki. Mkipata mamlaka, yatumieni kumlinda yule ambaye hana barua ya mtu yeyote mfukoni.

Ni mimi guka yenu,
Mweiga, Nyeri.