Maharage ya Tambarare

Mama yangu ni mzaliwa wa milimani Upare. Alipoolewa huku tambarare alikuja na mbegu zake za maharage. Kila msimu aliyapanda, yakastawi, yakachanua, kisha maua yakapukutika, hata mwaka wa mvua nzuri. Adui alikuwa joto la usiku: likizidi nyuzi 20 hivi, chavua ya maharage hudhoofika, na ua lisilorutubishwa huanguka.

Chuoni nilishikilia kwamba tiba iko shambani: panda, chagua, panda tena. Lakini maharage ya kawaida yana ustahimilivu mdogo wa joto. Aliye nao zaidi ni ndugu yao, tepari, mwenye asili ya nchi kame za Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani. Ukiwachavusha hawa wawili, mimba hutunga, ganda likaanza kujaa, halafu kiinitete kikafa humo humo.

Maabara ndiyo iliyonigeuza. Ganda huchumwa lingali changa, likasafishwa kwa spiriti na klorini, likapasuliwa chini ya hadubini. Kiinitete cha kwanza nilichokitoa kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Nilikilaza kwenye chupa yenye agari, sukari, vitamini na madini, kwa fomula ya wanasayansi Murashige na Skoog ya mwaka 1962, ambayo bado inatumika duniani kote. Chupa nyingi ziliingiwa na ukungu. Katika chache, kijani kilijitokeza, na mmea ambao ungeozea ndani ya ganda ukasimama wima mbele yangu. Tangu hapo sijataka kazi nyingine.

Kazi yenyewe haina haraka. Chotara wa kwanza kwa kawaida ni tasa au nusu tasa, hivyo hurudishwa kwa maharage, na mara nyingine kiinitete huokolewa upya. Lakini njia inapitika: kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT, huko Kolombia, kilitangaza mwaka 2015 aina za maharage zinazovumilia joto, baadhi zikiwa na damu ya tepari.

Mama ameshaniuliza kama hayo ya kwangu yataiva upesi na kutoa mchuzi mzito. Ana haki ya kuuliza, maana kuni anazitafuta yeye. Ndiyo sababu uzao unaovumilia joto tunaupeleka pia jikoni, na unaochelewa kuiva tunauacha.