Uzito wa Kifyatulio

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndicho kilichomgomea Mzee. Yabisi ya viungo ilimwingia miaka mingi nyuma, kwanza magotini, kisha mabegani, na vyote hivyo alivivumilia kwa chai na manung'uniko ya chini kwa chini. Lakini msimu wa baridi uliopita kidole kilishindwa kabisa kufyatua bunduki yake ya upepo, na Mzee akaanza kubaki nyumbani Jumatano jioni.

Ni jirani yetu hapa Birmingham, upande wa Small Heath. Ana jina lake, bila shaka, ila mimi humwita Mzee tangu nikiwa na miaka 14, wakati Kiingereza changu kilikuwa bado hakinitoshi kumwita kitu kingine. Nilipomweleza maana yake alisema hajawahi kupewa cheo kizuri hivyo bure. Mama humpelekea bugali na sombe kila Jumapili. Yeye hula sombe yote na bugali huizungusha kwenye sahani kwa adabu.

Jumatano ni siku ya kengele. Katika chumba cha nyuma cha baa moja hukutana watu kumi hivi, wengi wao wastaafu, kulenga shabaha. Ukutani kuna bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, katikati yake tundu la milimita 9 na nusu, na nyuma ya tundu kengele. Unasimama umbali usiofika mita 7. Risasi yako ikipita tunduni, kengele inalia. Isipopita, inaacha alama nyeusi kwenye rangi, kila mtu anaiona, na hakuna anayesema neno. Mchezo huu ulishika mizizi hapa mjini mwanzoni mwa karne iliyopita, hasa baada ya 1905, BSA ilipoanza kuuza bunduki ya upepo iliyobuniwa na fundi wa humu humu Birmingham, Lincoln Jeffries. Kwa mfanyakazi wa kiwandani ilikuwa starehe rahisi: haina baruti, haina moshi, na bia iko chumba cha mbele.

Najua msomaji wa Dar au Nairobi ameshajiuliza kuhusu kibali. England bunduki ya upepo isiyozidi takriban joule 16 haihitaji leseni, mradi mnunuzi ametimiza miaka 18. Scotland ni tofauti, huko cheti kinatakiwa tangu mwisho wa 2016.

Nilimwomba Mzee aniruhusu nipime. Nilichukua ile mizani ya kuning'iniza masanduku ya safari, nikaifunga kamba kwenye kifyatulio, nikavuta polepole hadi kikaachia: kilo 2.7. Fikiria pakiti ya unga wa kilo 2, ongeza ya sukari juu yake, vyote vining'inie kwenye kidole kimoja kinachouma, huku mwili mwingine wote umetulia kama maji ya mtungini. Hapo siri ya shabaha inapovunjika. Kwenye kulenga karibu kila mtu anaweza. Kazi iko katika ile sekunde moja ya mwisho, ambapo unatakiwa ukamilishe kubana bila bunduki kujua kwamba umebana.

Ushauri wa kwanza wa kila mtu pale baa ulikuwa anunue nyingine. Wajerumani wa Weihrauch wana kifyatulio kiitwacho Rekord, na nimewahi kukijaribu: kinasafiri kidogo kikiwa laini, kinafika mahali kinasimama, halafu wazo tu linatosha. Ndani yake nguvu ya springi kuu inapitishwa kwenye wenzo kadhaa, kwa hiyo kinachofika kidoleni ni sehemu ndogo sana. Mzee alisikiliza yote hayo, akasema hapana. Bunduki ilikuwa ya mke wake, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alimshinda kila mwaka isipokuwa mmoja, na mwaka huo alikuwa na mafua.

Basi ikabidi tubadilishe matumbo, mwili ubaki.

Mimi ni mtoto wa fundi. Baba alitengeneza baiskeli katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huko nilijifunza kwamba spea ni kitu chochote chenye kipimo sahihi. Pini aliikata kutoka kwenye spoku. Washa ilikuwa kifuniko cha soda kilichopondwa na kutobolewa. Sasa nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa mwisho, na walimu wangu wana majina marefu kwa mambo ambayo Baba aliyafanya akiwa amechuchumaa.

Bunduki ya namna hii ni rahisi kuielewa ukiifungua. Unapovunja mtutu kuelekea chini, pistoni inarudi nyuma na kubana springi nene. Jino dogo la chuma linaikamata pale nyuma na kuishikilia. Mkono wa juu wa kifyatulio unakaa chini ya jino hilo kulizuia lisianguke. Ukibana, mkono unateleza, jino linaachia, pistoni inaruka mbele ikisukuma hewa, na hewa inasukuma risasi. Uzito anaousikia mpiga shabaha unatoka hasa sehemu tatu: chuma kinavyokwaruza chuma, ugumu wa springi ndogo inayorudisha kifyatulio mahali pake, na kina cha jino lilivyoshika. Hiyo ya tatu ndiyo inayowashawishi watu wenye haraka, kwa sababu ukipunguza kina kwa msasa kidogo tu uzito unashuka kama muujiza. Ndiyo pia inayoizuia bunduki isijifyatue ikigongwa. Sikuigusa.

Vipande vya asili havitengenezwi tena. Nilizunguka mtaa wa mafundi bunduki, karibu na katikati ya mji, ambako leo wamebaki wachache kati ya majengo ya ofisi na vyumba vya wanafunzi. Karne ya 18 mitaa hii ilitoa bunduki nyingi za kupelekwa Afrika Magharibi, ambako zilibadilishwa na watu. Nilikuwa ninalifahamu hilo kutoka vitabuni. Kulifahamu ukiwa umesimama pale, Mkongomani mwenye springi ya milimita 6 kwenye kiganja, ukimuuliza muuzaji mpole kama anayo laini zaidi, ni jambo jingine. Hakuwa nayo.

Jino nililipata kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu huuza vitu vyao kutoka kwenye buti za magari. Ilikuwa bunduki ya aina ile ile, kitako kimeliwa na wadudu, springi kuu imekatika, pauni 15. Ndani yake jino lilikuwa zima, kona zake hazijalika. Springi ya kurudisha ilichukua wiki mbili. Ya kalamu ya wino ilikuwa dhaifu mno, kifyatulio kilisitasita kurudi, na kifyatulio kinachositasita ni hatari kuliko kizito. Iliyofaa ilitoka kwenye boksi la springi mchanganyiko la duka la vifaa vya ujenzi.

Kilichobaki kilikuwa kile kipande ambacho wapenzi wa bunduki hizi hukisifu: beringi. Badala ya chuma kuteleza chini ya chuma, unaweka kigurudumu kidogo kinachoviringika. Mdogo wangu alijitolea beringi za ubao wake wa magurudumu, lakini hizo ni pana milimita 22, zingejaza sanduku lote la kifyatulio. Nilizipata kwenye duka la magari ya kuchezea yanayoendeshwa kwa redio: tundu la milimita 3, upana 10, unene 4. Pini yake niliikata kutoka kwenye shina la biti ya drili ya milimita 3, chuma kigumu kilichonyooka kuliko spoku yoyote. Baba angeichungulia kwa jicho moja na kukubali.

Kazi yote niliifanya kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba ya Mzee, kwenye baridi, na sababu ni Mama.

Mama alitoka Uvira Oktoba 1996. Alivuka ziwa usiku akiwa na mimba ya kaka yangu. Kwa miaka yote tuliyoishi jirani na Mzee alidhani Jumatano anakwenda kurusha vishale. Nilipomweleza ukweli, kwa sababu sikutaka ausikie kwa mtu mwingine, aliendelea kuchambua mchele.

"Ile kitu haitaingia mu nyumba yangu," alisema.

Haikuingia. Wala kipande. Nilijiuliza kama jino la chuma la urefu wa kidole gumba, likiwa peke yake mfukoni, ni bunduki au ni chuma tu, na nikaamua kwamba swali hilo si langu kulijibu katika nyumba yake.

Kuna jambo kuhusu neno lenyewe. Kufyatua, nilipokuwa mtoto, kulikuwa kufyatua matofali. Unapiga udongo kwenye kibao, unakinyanyua, tofali linabaki chini limetuama. Nyumba yetu kambini ilifyatuliwa hivyo, na mikono yangu ilikuwemo. Mtego wa panya nao hufyatuka. Kiswahili kimeyaweka yote hayo kwenye kitenzi kimoja, kile kinachotoka ghafla baada ya kushikiliwa, na hakijali kama ni ukuta au kifo.

Nilisugua nyuso za chuma kwa msasa wa 1000, kisha wa 2000, kisha kwa dawa ya kung'arishia, kwa uangalifu, kwa sababu chuma cha namna hii mara nyingi kimekomazwa ngozi ya juu tu na ukiivuka unakuta laini. Nikapaka grisi ya molibdeni. Kilo 2.2. Springi mpya: 1.9. Beringi: 1.3. Halafu nikaikoki, nikaielekeza kwenye ndoo ya mchanga, nikagonga kitako kwa nyundo ya mpira mara 20 kutoka kila upande. Haikujifyatua. Nikarudia siku ya pili, kwa kuwa siamini kitu kilichofaulu mara moja.

Ilikuwa siku hiyo ya pili Mama alipokuja kuniita kula. Alisimama mlangoni, hakuingia. Mizani ilikuwa inaning'inia.

"Unapima nini?"

Nikamwonyesha kwa namba. Kabla, baadaye. Nikamweleza kidole cha Mzee.

Alifikiri. "Kwa hiyo unaifanya iwe mwepesi."

"Ndiyo, Mama."

"Zile za kwetu zilikuwaka nyepesi." Alikuwa anatazama ndoo ya mchanga. "Bakadogo bale, miaka kumi, kumi na moja. Bidole byao habikushindwa."

Kadogo ndilo jina walilopewa watoto waliobebeshwa silaha katika vita ile. Nilitafuta la kusema. Ningeweza kutaja joule 16, ningeweza kutaja kengele na bamba jeupe, na vyote vingekuwa kweli, na hakuna hata kimoja ambacho kingekuwa jibu. Nilifuta grisi vidoleni. Mama akasema chakula kinapoa, akarudi ndani.

Jumatano nilimsindikiza Mzee. Nilibeba mfuko wa bunduki, yeye alibeba kikopo cha risasi, na tulitembea taratibu kwa ajili ya magoti. Alipofika mstarini alikaa muda mrefu na kidole pembeni, nje ya kilinzi, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua vizuri. Risasi ya kwanza ilimshtua, ilitoka kabla hajawa tayari, alama nyeusi ikakaa upande wa kushoto wa tundu. Hakuna aliyesema neno. Ya pili ilikaribia. Ya tatu, kengele ililia, na yule mama wa mezani anayeandika matokeo akainua kichwa.

Kuhusu uso wa Mzee, sikuona, nilikuwa nyuma yake. Niliona mabega.

Nyumbani Mama alikuwa bado macho, anakunja nguo mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza kuvua viatu.

"Ile kengele. Ililia?"

"Mara nne."

"Kwa ngapi?"

"Tisa."

Alikunja shati, akalibandika juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Basi shida yake iko ku macho," alisema. "Haikukuwa ku kidole."