Mpaka Ulifunguliwa 1983, wa Kwetu Juzi Tu

Ukisikia familia inakwenda nje ya nchi kwa likizo, najua akili inakimbilia wapi. Dubai, maduka makubwa, mabegi mapya na picha za kuwarusha roho majirani. Sasa leo nikusimulie familia iliyovuka mpaka Desemba 2024 na kuja kulala Mlalo, huko juu Usambara, kwenye nyumba ya kawaida kabisa yenye kibaridi si mchezo. Walitoka Mombasa. Na walichokifuata ni kaburi moja lililoko migombani.

Hao ni shangazi yangu na watu wake. Mwaka 1976, akiwa na miaka 21, alimpenda dereva wa mabasi ya Tanga na Mombasa, wakaoana. Umbali haukuwa tatizo, maana enzi hizo watu walikwenda na kurudi kama wanaokwenda sokoni. Tatizo ni kwamba babu yetu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri na mkwe alikuwa Mwislamu. Shangazi alisilimu. Babu akasema asirudi tena.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Babu akafariki 1981 bila kumwona binti yake. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Wa kwetu ukabaki umefungwa.

Hebu fikiria, zaidi ya miaka 40! Baba yangu alikuwa akienda Mombasa kumsalimia dada yake, simu zilipigwa, kadi za harusi zilitumwa. Lakini yeye kukanyaga Mlalo, wapi. Mpaka mumewe alipofariki, naye miguu ikaanza kumsumbua, ndipo akanipigia. "Mwanangu, nipeleke kwetu nikiwa bado naweza kupanda mwenyewe."

Nyanya shilingi ngapi?

Nikaenda Mombasa kumchukua. Tulikuwa tisa kwenye Hiace: Shangazi, binamu zangu wawili na wake zao, wajukuu watatu na mimi. Pale Horohoro afisa alifungua pasipoti ya Kenya ya Shangazi, akaona imeandikwa amezaliwa Lushoto. Akainua macho. "Mama, karibu nyumbani." Shangazi akasema ahsante na kutoka haraka. Nilimkuta nyuma ya gari anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Tulilala Tanga. Asubuhi tukapita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, na hapo ndipo unaiacha barabara ya Moshi na kuanza kupanda. Ni kilomita 33 hadi Lushoto mjini, na ni kona juu ya kona. Ukuta wa mlima upande huu, bonde upande ule, maji yanateremka kwenye mawe. Wajukuu walioapa kwamba hawajui baridi ni nini wakaanza kuulizia masweta.

Tuliposimama Soni, mdogo wao akamwona bibi yake anaelekea kwenye maporomoko ya maji, akapiga kelele, "Nyanya! Nyanya!" Kwa wenzetu wa Kenya nyanya ni bibi. Kufumba na kufumbua akina mama watatu wameshafika dirishani na mabeseni ya nyanya, kila mmoja anataja bei yake. Tulicheka hadi machozi. Tukanunua beseni moja na plamsi juu yake.

Kwa mfalme aliyefukuzwa na nduguze

Kutoka Soni tulichepuka kwenda Vuga. Kwa wageni huu ni mji mdogo tu wa mlimani, lakini kwa Wasambaa ndiko yalikokuwa makao ya wafalme wa Kilindi. Hapa ndipo Kimweri ye Nyumbai alipotawala, na amri yake ilifika hadi pwani. Mmisionari Krapf alimtembelea hapa mwaka 1848. Hapa pia ndipo wafalme walipozikwa, kwa hiyo huingii hivi hivi ukapiga picha. Unabisha hodi kwa wazee, unaeleza umetoka wapi, unangoja.

Tukiwa tunangoja, binamu yangu mkubwa akaomba nimweleze wajukuu habari za Mbegha, aliyeanzisha ukoo huo. Nikawasimulia vile tulivyosimuliwa sisi. Mbegha alizaliwa kwao Ngulu akiwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na zamani hilo lilikuwa balaa kubwa. Ndugu zake wakamkataa. Akaondoka na mbwa wake wa kuwindia, akawa anaua nguruwe walioharibu mashamba ya watu na kugawa nyama. Alipoua simba, Wasambaa wakamfanya mfalme wao.

Shangazi alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, kama anajisemea, "Kumbe hata yeye walimfukuza." Hakuongeza neno hadi tulipofika Lushoto kulala.

Jikoni Mlalo

Kesho yake tukapita msitu wa Magamba, ukungu umeufunika, na kuendelea hadi Mlalo. Mlalo ni mji wa zamani, wenye nyumba za udongo za ghorofa zilizosogeleana bondeni. Wamisionari wa Kijerumani walifika hapa 1891 na kupaita Hohenfriedeberg, jina ambalo sijui kama kuna bibi yeyote aliyewahi kulitamka. Ukristo ulishika, na Uislamu ukawa umeshapanda kutoka pwani na misafara. Ndiyo maana siku hizi huku, ukoo mmoja unaweza kuwa na shehe na mzee wa kanisa, na sikukuu zote watu wanakula pamoja. Lakini mwaka 1976, kwa mwinjilisti, ilikuwa habari nyingine.

Nyumbani tulipokewa na shangazi yangu mdogo, aliyebaki na wazazi. Alisema, "Shikamoo dada," bila kuinua macho. Chai ikanywewa. Watoto wakasifiwa kwa kukua. Kila mtu alikuwa na adabu hadi inaumiza.

Jioni nilikuwa jikoni namenya viazi. Shangazi Mkubwa akaingia na kukaa kwenye kigoda. Mdogo wake akaendelea kukoroga makande.

"Dada, wewe uliolewa," akasema hatimaye. "Mimi nilibaki. Baba alipopooza ni mimi niliyekuwa namgeuza kitandani. Mama alipokufa ni mimi niliyemwosha. Wewe ulituma leso."

Nikajua sasa yameanza. Nilitaka kutoka, miguu ikakataa.

"Ni kweli," akajibu Shangazi Mkubwa. "Sikuja kujitetea, mdogo wangu. Nimekuja useme yote nikiwa nasikia."

Mwiko ukasimama. "Basi kuna neno nilikunyima. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha redioni, Baba alikuwa ananiuliza: mpaka umefunguliwa? Nikimwambia bado, anageukia ukutani. Nilikuwa na hasira na wewe. Nikasema ukija mwenyewe nitakwambia. Hukuja."

Hakuna aliyesema samahani, msomaji. Walilia tu, kila mmoja mahali pake, na makande yakaungua kidogo. Tuliyala hivyo hivyo.

Hija ya migombani

Asubuhi niliamshwa na harufu ya moshi. Shangazi Mdogo alikuwa ameamka kabla ya adhana kumchemshia dada yake maji ya kutawadha, kwa sababu maji ya Mlalo alfajiri yanakata mifupa. Binti wa mwinjilisti anamwandalia Mwislamu maji ya swala, katika nyumba ile ile. Nilisimama mlangoni nikakosa la kusema.

Baadaye tukateremka wote kaburini. Nilidhani kutakuwa na hotuba na sala ndefu. Shangazi Mkubwa aliketi chini, miguu yake mibovu ameinyoosha, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Mdogo wake akaleta kijembe akaanzia upande wa pili. Wajukuu wakasaidia. Kaburi lilipokuwa safi, Shangazi Mkubwa aliweka kiganja juu ya saruji na kusema kwa Kisambaa, lugha ambayo wanawe hawajawahi kumsikia akiizungumza hivyo, kwamba amefika.

Siku ya mwisho tulikwenda Mtae, ncha ya milima, ambako ardhi inakatika ghafla na chini yako kuna tambarare ya Mkomazi, na mbele zaidi Kenya. Shangazi Mdogo akauliza mpaka uko wapi. Dada yake akatazama sana, akasema hauonekani.

Wakiwa wanarudi garini nikamsikia Mdogo akiniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi pasipoti mtu anaanzia wapi?" Fomu tumeshajaza.

Kwa hiyo mwenzangu, unapopanga likizo ijayo, hesabu nauli zako zote. Kisha jiulize ni nani amekukasirikia ambaye bado yuko hai. Anza na huko.

Ukitaka kupanda
Mabasi ya Dar kwenda Lushoto yapo ya moja kwa moja, au shuka Mombo uunganishe. Sweta ni lazima hata Desemba. Kwa wanaotoka Kenya, beba pasipoti. Vuga, omba ruhusa kwa wazee kwanza. Ukipata nafasi, pita shamba la kanisa Irente, kama kilomita 6 kutoka mjini, ukanunue jibini na jemu. Na ukifika Soni na watoto wa Kikenya, waambie waite "bibi".