Kununua Lini na Kununua Wapi

Mwalimu hanunui chombo cha umeme kila mwaka, na anunuapo kwa niaba ya shule au chama, fedha azitoazo si zake peke yake. Ndiyo maana jambo ambalo kwa mfanyabiashara ni la nusu saa, kwetu sisi lilichukua mikutano mitatu. Tawi letu, lililotawanyika katika miji midogo ya kusini mwa Buganda, lilikutana Oktoba 2024 likiwa na walimu 26, na kila mmoja alikuwa amekwisha kutoa shilingi 30,000 za Uganda. Kwa hizo shilingi 780,000 tulikuwa na haja mbili: spika ya kuwasikilizishia wanafunzi Kiswahili darasani, na mashine ya kuzisikilizia kaseti zetu za zamani.

Haja ya kwanza haihitaji maelezo marefu kwa msomaji afundishaye katika nchi hii. Mwanafunzi wetu aghalabu hasikii Kiswahili nyumbani, wala sokoni. Anachosikia ni sauti ya mwalimu wake, naye mwalimu ana lafudhi aliyoipata kwa mama yake. Katika Kiganda sauti za l na r hazitenganishi maana. Hupokezana kwa kufuata irabu iliyotangulia. Basi mtoto huandika katika insha kwamba wananchi walikwenda "kupiga kula", na hata akisomewa sentensi yake mara tatu haoni la kusahihisha. Mtoto wa namna hiyo hana budi asikie vinywa vingine.

Vinywa hivyo tunavyo, ila vimo ndani ya sanduku la bati. Ni kaseti 31 zilizorekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwalimu mwenzetu, sasa marehemu, aliyekuwa akisafiri mpaka Mombasa na Lamu wakati wa likizo. Wamo wazee wakisimulia hadithi, akina mama wakieleza mapishi, na mzee mmoja wa Lamu asemaye "mato" pale sisi tusemapo "macho", na "ndoo" pale tusemapo "njoo". Wengi wa wasemaji hao hawapo tena duniani.

Sasa, kuhusu lini. Mweka hazina wetu, mtu mwangalifu ambaye hajapata kupoteza hata stakabadhi ya chaki, alitaka tungoje ile iitwayo Ijumaa Nyeusi, siku ambayo maduka hutangaza kupunguza bei. Desturi hiyo imetoka Marekani: ni siku inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Sisi sikukuu yenyewe hatunayo, lakini Ijumaa yake tumeipokea bila kuuliza. Mwenzetu mwingine alisema heri kungoja zaidi, hadi bajeti isomwe mwezi wa Juni, kwa kuwa ushuru mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huanza kutumika tarehe 1 Julai pamoja na mwaka wa fedha. Huyu alijibiwa kwamba wafanyabiashara nao husoma magazeti: uvumi wa kodi kupanda hupandisha bei tangu Mei, na kodi ikishuka, mwenye duka husema shehena aliyo nayo aliilipia kodi ya zamani. Naye husema kweli.

Sisi tulioipinga Novemba hatukuwa na ugomvi na bei. Tuliitazama kalenda ya shule. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Desemba na hufunguliwa Februari. Spika ikinunuliwa mwishoni mwa Novemba kwa dhamana ya miezi sita, miezi miwili ya dhamana hiyo huliwa na likizo, chombo kikiwa kabatini, wala hakuna ajuaye kama ni kizima au kibovu. Jambo la pili ni betri. Spika nyingi kubwa za bei yetu, zile zenye magurudumu na mpini, zina betri ya risasi na asidi, jamii moja na betri ya gari. Betri hiyo ikiachwa bila umeme kwa miezi miwili, chumvi ngumu huganda juu ya mabamba yake ya risasi, na tangu hapo haishiki tena umeme kama ilivyokuwa. Betri ya lithiamu, kama zilizomo ndani ya simu, huvumilia zaidi, lakini muuzaji akiulizwa ni betri ya namna gani, mara nyingi hujibu, "Ni nzuri sana."

Hapa turuhusiwe kusema neno juu ya lugha ya maduka, maana ndiyo kazi yetu. Kwenye maboksi ya spika huandikwa kwa wino mnene nambari ya wati, 3,000 au 5,000, na pembeni herufi nne: PMPO. Herufi hizo hudai kutaja nguvu ambayo spika ingeweza kuitoa kwa kitambo kifupi mno, wala hakuna kanuni ya kimataifa isemayo ipimwe vipi. Kila kiwanda huandika kipendavyo. Ukikigeuza chombo ukasoma kibati kidogo cha nyuma, utakuta kinatumia wati 30 za umeme. Chombo kiingizacho 30 hakiwezi kuimba kwa 3,000. Tunawafundisha watoto kutofautisha kitenzi na kielezi. Yafaa tuwafundishe pia kusoma kibati cha nyuma.

Mkutano wa pili ulikuwa karibu kuvunjika, ndipo mzee mmoja wa tawi, ambaye kwa kawaida husinzia, alipouliza ni kitu gani hasa tunachokingojea. Swali lilitufumbua macho. Tulikuwa tukijadili vitu viwili kana kwamba ni kimoja. Spika hutengenezwa kila siku; aingojeaye hapotezi kitu, na huenda mwakani akaipata iliyo bora kwa fedha zile zile. Mashine ya kaseti haiko hivyo. Kaseti tuijuayo ilitolewa na Philips mwaka 1963, na kwa miongo mitatu hakukuwa na duka la redio lisilokuwa na kinasa sauti chake. Mwaka 2010 Sony iliacha kutengeneza Walkman ya kaseti nchini Japani. Redio mpya zenye mlango wa kaseti bado zinapatikana, lakini nyingi zina mtambo hafifu, utepe hauendi kwa mwendo mmoja, na sauti huyumba kama ya mtu aliye juu ya punda. Mashine nzuri ni zile za zamani, nazo kila mwaka hupungua kwa kutupwa na kuharibika. Kaseti zenyewe pia hazingoji. Kati ya zetu 31, saba ni za dakika 90, na utepe wa hizo ni mwembamba kuliko wa dakika 60, rahisi kuvutika na kukatika. Unyevu wa nchi yetu hali kadhalika huleta kuvu.

Kwa hiyo uamuzi ulikuwa huu: mashine ya kaseti inunuliwe mara moja, spika ingoje Februari. Mweka hazina aliandika uamuzi huo kwa mkono wake, ingawa sura yake haikuukubali.

Likabaki la wapi. Kwa kitu kilichokwisha tumika, swali la wapi lina maana mbili: duka liko wapi, na chombo kilitoka wapi kabla ya kufika dukani. Vyombo vya Japani vinapendwa, lakini umeme wa nyumba za Japani ni wa volti 100. Ukikichomeka chombo cha huko katika umeme wetu wa volti 240 bila kipunguza nguvu, utaona moshi kabla ya kusikia sauti. Redio za magari yatokayo huko nazo zina mkasa wake: masafa ya FM ya Japani ni kati ya megahezi 76 na 95, na yetu hufika 108, hivyo mwenye gari hupitwa na nusu ya stesheni za Kampala huku akiilaumu antena. Vyombo vya Uingereza, kinyume chake, vina plagi ya meno matatu kama yetu na umeme unaokubaliana na wetu. Nairobi, katika barabara ya Luthuli na vichochoro vya jirani, vyombo vya aina hiyo huuzwa kwa fahari kuwa ni "vya Uingereza", yaani vilivyotumiwa huko. Ni aina ya pekee ya mtumba ambayo muuzaji hujivunia umri wake.

Mwenzetu mmoja alikuwa na safari ya Nairobi mwezi huo wa Novemba. Tulimpa fedha na kaseti namba 1. Katika kaseti hiyo marehemu mwenyewe anaanza kwa kutaja jina lake, mahali na tarehe, na sote tuliofundishwa naye tunaijua sauti ile nzito. Maagizo yalikuwa mafupi: asitazame rangi ya mashine wala taa zake, asikilize. Katika duka la kwanza marehemu alisema kwa sauti ya mvulana. Utepe ulikuwa ukikimbia. Duka la pili sauti ilikuwa yake, lakini iliyofunikwa kama na blanketi. "Mwalimu, hicho ni kichwa tu, kinataka kusafishwa," muuzaji akasema, akakipangusa kwa pamba yenye spiriti, na blanketi likaondoka. Mwenzetu anasema alisimama pale mpaka upande wa kwanza ukaisha, wateja wakimpita. Alilipa shilingi 6,500 za Kenya, akadai stakabadhi yenye nambari ya mashine, akaipita nayo Busia.

Je, kwa nini spika nayo haikununuliwa huko huko, ambako kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 na kwetu ni 18? Wapo waliouliza. Mashine ya kaseti ilikuja bila dhamana yoyote, kwa hiyo umbali wa duka haukuwa na maana. Spika ina dhamana, na dhamana iliyoko Nairobi ni karatasi tu kwa mtu aliyeko Masaka.

Na fundi tulikuwa naye karibu. Ni askari mstaafu mwenye kibanda nyuma ya soko, aliyejifunza Kiswahili jeshini kama wengi wa rika lake nchini humu. Alipoifungua mashine alisema, "Mwalimu, hii mashine iko mzima. Mpira yake tu ndio imechoka." Tulikuwapo walimu wanne wa sarufi na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mpira anaousema ni mkanda mwembamba uzungushao mtambo. Aliubadilisha kwa shilingi 25,000 za kwetu, na akatuonya tusirudishe utepe nyuma kwa kasi katika zile kaseti za dakika 90.

Kuhamisha sauti kutoka kaseti kwenda kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato. Waya mmoja hutoka tundu la sauti la mashine huingia kompyuta, na dakika 60 za kaseti hutaka dakika 60 za mtu kukaa. Zetu zote kwa pamoja ni saa 34 na nusu, bila kuhesabu siku ambazo umeme hukatika. Tumegawana zamu za Jumamosi. Utepe wa mbili umekwisha katika mikono yetu, na fundi akauunga. Katika kila moja yamepotea maneno machache.

Spika tuliinunua Februari 2025, juma la pili la muhula, katika duka la mjini Masaka lililo mkabala na kituo cha basi. Bei ilikuwa shilingi 40,000 zaidi ya ile iliyotangazwa Novemba, na mweka hazina hukumbusha jambo hilo kila mkutano. Huzunguka kwa zamu katika shule sita. Walipomsikiliza yule mzee wa Lamu kwa mara ya kwanza, wanafunzi wa kidato cha pili walicheka, kisha mmoja akauliza kama ni mzee aliyekosea au ni kitabu. Kipindi kizima kilikwisha kwa swali hilo, na sura ya sita ya kitabu haikufundishwa. Kaseti zilizobaki sandukuni ni tisa.