Herufi za Kusomeka Ndani ya Basi

Kabla hajanikabidhi brashi, fundi aliyenifunza kazi alinipandisha Hiace pale stendi ya Magu, akaniambia nikae dirishani. Tukaenda hadi Nyanguge, tukarudi. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kusoma kila bango lililo kando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, halafu tukishuka nimwambie nimekumbuka nini. Nilikumbuka mawili tu: MBAO na MAJENEZA, tena yote ya duka moja. Mengine yalipita kama miti.

“Umeona?” akasema. “Abiria hana muda na wewe. Mwambie unauza nini, uko wapi, akupate vipi. Maua kachore kwako.”

Hiyo ilikuwa mwaka 1998. “Akupate vipi” wakati ule maana yake ilikuwa S.L.P., basi. Tulipaka ukuta rangi nyeupe mikono miwili, tukasubiri ukauke. Kisha tulichukua uzi, tukaupaka unga mweusi wa betri ya redio iliyokufa, mmoja akashika huku na mwingine kule. Ukiuvuta katikati na kuuachia, pa! unabaki mstari ulionyooka kuliko wa rula. Herufi zikakaa juu ya mstari huo kwa penseli ya seremala kwanza, rangi ya mafuta baadaye. Hesabu ya nafasi ndiyo iliyonitesa. M hula nafasi ya herufi mbili, I haili kitu. Fremu moja pale sokoni niliandika JUMLA NA REJAREJA, na A ya mwisho ikakosa ukuta. Nikaibana kwenye kona, nyembamba kama mwiko wa ugali uliosimamishwa. Mwenye duka hakusema kitu. Alinipunguzia hela.

Simu za mkononi zilipoingia, kila aliyekuwa na ukuta alitaka namba. Halafu, katikati ya miaka ya 2000, namba zenyewe zikabadilishwa: 0744 ya Vodacom ikawa 0754, 0748 ya Celtel ikawa 0784. Sijawahi kula vizuri kama kipindi kile. Nilizunguka na kopo dogo la rangi nikisahihisha tarakimu, toka Kisesa hadi Lamadi. Hata hivyo wapo waliosema watafanya kesho, na kesho yao ikafika miaka mitano. Ukutani panasomeka vizuri kabisa, rangi bado inang’aa, lakini ukipiga hapatikani mtu. Picha hiyo ilikaa kichwani mwangu bila kazi hadi nilipokuja kuihitaji.

Kampuni za simu nazo zikaja kununua kuta. Kuna duka moja pale Magu nililipaka mara tatu kwa kampuni ileile: kwanza Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, mwaka 2010 ikawa Airtel. Jina la duka lenyewe lilibaki utepe mdogo juu ya mlango. Kisha fleksi ikatumaliza. Bango linachapwa Mwanza asubuhi, mchana limeshatundikwa, lina picha ya mchele unaotoa moshi. Mwaka 2012, Busega ilipomegwa kutoka Magu na kupelekwa Mkoa mpya wa Simiyu, nilidhani nitapata kazi ya kubadilisha anwani za Nassa na Lamadi zote. Nikapata mbili. Nikauza ngazi, nikanunua kompyuta iliyokwishatumika na mashine ya kutoa kopi, nikafungua steshenari.

Tovuti nilijifunza kwa rafiki yangu aliyekuwa na ofisi Mwanza, kilometa zipatazo sitini kutoka kwetu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye gesti kando ya barabara kuu. Alikuwa amechoka kuona magari ya watalii yakipita kwenda lango la Ndabaka, kuingia Serengeti, bila hata kupunguza mwendo. “Kijana wangu,” aliniambia, “na hawa Wazungu walale hapa.”

Nikamtengenezea tovuti ambayo leo nikiikumbuka nafunika uso. Ukiifungua anatokea simba. Simba anateleza pembeni, anaingia twiga, twiga anateleza, linaingia jua linalozama. Maneno yote yalikuwa Kiingereza, cha kwangu mwenyewe. Bei haikuwepo, kwa sababu nilidhani biashara kubwa hazitaji bei. Namba ya simu pia haikuwepo. Palikuwa na ukurasa wa nne wenye fomu ya kujaza jina, barua pepe na ujumbe. Kwenye kompyuta ya rafiki yangu ilifunguka kama pazia. Mzee akalipa, tukapeana mikono.

Tuliporudi Magu akataka kumwonyesha dereva wa Fuso aliyekuwa anakunywa chai pale uani. Simu ikazunguka. Chai ikaisha. Simu bado inazunguka. Picha zilikuwa saba, kila moja MB nne kama ilivyotoka kwenye kamera, na dereva alikuwa na bando la kuchungulia matokeo ya mpira tu. Nilikuwa namtoza mtu nauli ili aje asome bango.

Miezi ikapita. Siku moja nikaamua kuitafuta nywila ya ile barua pepe ambako fomu ilikuwa inapeleka ujumbe, maana hakuna aliyekuwa akiikumbuka. Nikakuta jumbe tatu. Mmoja ulitoka kwa kamati ya harusi, watu wa hapahapa Mwanza, waliotaka vyumba kumi na kimoja. Harusi ilishapita. Nilimpelekea mzee taarifa hiyo mwenyewe, nimesimama. Akanyamaza kidogo, akasema, “Simba wako amekula wateja wangu.”

Hakunifukuza, na hilo ndilo lililonifunza. Nilikaa naye mapokezi wiki nzima nikisikiliza simu zinazoingia kwenye kile kitochi chake. Hakuna aliyeuliza habari za simba. Waliuliza: chumba shilingi ngapi? Maji ya moto yapo? Fuso inaingia ndani? Mko kabla ya stendi au baada? Wapigaji walikuwa madereva, watumishi waliokuja semina, watu wa misiba. Nikafuta kila kitu. Ukurasa ukabaki mmoja, Kiswahili juu, Kiingereza kifupi chini, majibu ya maswali manne, picha ya geti lenyewe na namba ambayo ukiigusa inapiga. Ilikuwa mwaka 2015, na Aprili ya mwaka huohuo Google ilikuwa imeanza kuzipandisha tovuti zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Mimi sikuifanya kwa ajili ya Google. Nilimfanyia dereva wa Fuso.

Baadaye akaja mama mmoja anayeuza dagaa, pamoja na michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa. Wateja wake wengi ni Wasukuma walioko Dar es Salaam, waliokulia viazi hivyo na sasa wanavitafuta kwa tochi. Alikuwa anauza kwa WhatsApp, ila kila siku anajibu maswali yaleyale hadi usiku, na kila mteja mpya anamwogopa. Nani katika nchi hii hajapokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”? Alitaka mahali pa kumtuma mtu akasome kwanza.

Nilimtengenezea akiwa amekaa pembeni yangu. Nikaweka picha nzuri ya dagaa niliyoipata mtandaoni. Akainama kwenye kioo.

“Fundi, hao si dagaa wangu.”

“Dagaa ni dagaa, mayu.”

“Hao wa baharini. Tazama tumbo.”

Tukatoka tukapiga picha dagaa wake juu ya turubai, na sado yake pembeni ili mteja aone kipimo. (Sado, kwa wasiojua, ni kopo la rangi la lita nne, jina lilitokana na Sadolin. Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nabeba kipimo cha soko bila kujua.) Tukaandika bei ya sado na ya gunia, siku anazopakia mzigo kwenye basi, na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja akilipa kwa lipa namba, likiwa sawasawa na lililo juu ya fremu yake. Nikapunguza picha hadi ukurasa mzima ukawa chini ya KB 200. Kisha nikaufungua kwenye simu yake, si yangu. Ukaja kabla hajamaliza kuvaa miwani.

Juu kabisa tuliandika “Bei za leo”, na tarehe. Hapo ndipo zile namba za zamani za ukutani ziliponirudia. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikichanua wavuvi hupumzika, dagaa wanapungua, bei inapanda. Mama ananitumia sauti, “Fundi, mwezi umetoka,” nami nabadilisha tarakimu. Nimetengeneza tovuti kadhaa, lakini hiyo pekee ndiyo inayokwenda na mwezi.

Mwaka jana alihamia fremu nyingine, ng’ambo ya barabara. Akasema hataki fleksi, jua linaipausha, anataka rangi. Nikamuuliza kama niandike na anwani ya tovuti. Akafikiri. “Weka namba. Iwe kubwa. Akipiga, nitamtumia mwenyewe.”

Nikaazima ngazi. Betri nilihangaika kuipata, redio za siku hizi zinachajiwa. Nilipomaliza nikavuka barabara, nikasimama kusubiri basi la Musoma lipite ili nijue abiria wanaona nini. Likapita. Ile saba ya katikati, kwa mwendo ule, ilikuwa inasomeka moja. Nikarudi kuchukua brashi.