Kabla ya Chanjo, Friji

Huku Wenje mafuta ya nazi mchana ni maji tu. Ukitaka yagande, tafuta friji. Sasa wasee, ile chanjo ya malaria, RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 kule upande wa ziwa, ndani yake mna viputo vidogo ajabu vya mafuta. Kwenye kuta za hivyo viputo kuna kitu kinachotoka kwenye gamba la mti wa Chile, kinatoa povu kama sabuni. Kikiwa peke yake kinatoboa hadi seli za damu. Kolesteroli (ile tunayoitukana kila siku) ndiyo inayokishika kisilete fujo, na ndiyo inayofanya ukuta wa kiputo usilegee ovyo kwa joto wala kukakamaa kwa baridi.

Ila manze, nguvu zake zina mwisho. Chanjo yenyewe inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda ni ya kutupwa. Kwa hivyo mtu akisema chanjo iletwe na huku Tana, mimi niko naye kabisa, lakini naanza na friji ya sola. Halafu mafuriko yakikata barabara, lile boksi la barafu litapitia wapi? Mheshimiwa wa wadi, tujibu hilo kwanza.